Telefone yenye ajenda si utajiri: acheni kuwafuta watu kwenye orodha

Ndugu wasikilizaji wa Katuba, na ninyi wazazi wetu mliokimbia vijiji vyenu na leo mnalala katika nyumba za watu, haya ninayaandika kwa hasira na sitaificha.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mstari wa jetoni, hapa hapa katika komine yetu. Nilikwenda na kinasa-sauti changu kutafuta habari ya bunga, nikarudi na habari ya telefone. Mama mmoja aliyetoka kijiji cha upande wa Mitwaba, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine anamshika kitambaa, aliulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake wa tatu. Akatoa mfukoni telefone nene yenye klavye, vidude vidogo vilivyopangwa kama punje za muhindi, akaanza kutafuta. Kijana wa orodha akamtazama, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika na mstari mzima: «Uyu naye njo deplase gani? Iko na telefone ya ba-patron!» Watu wakacheka. Mama akajibu pole pole: «Papa, hii njo daftari yangu.» Hakuna aliyemsikiliza. Jina lake likapigwa mstari.

Sitataja shirika la wenye orodha ile, wala kartie. Wanajijua. Lakini neno lile, telefone ya ba-patron, nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa majirani zangu ambao ni watu wema. Basi tuichunguze hiyo telefone kama vile tunavyochunguza kitu kwenye soko: tuifungue, tuone ndani kuna nini, na tuone ni ya bei gani.

Mama alinikubalia niishike. Jina la kampuni limefutika kabisa kwa vidole vya miaka mingi. Ilikuwa ya bwana wake, aliyekuwa muuguzi wa kijiji. Kaka yake aliinunua Lusaka ikiwa imekwisha tumika, ikapita Kasumbalesa ndani ya mfuko wa nguo. Kalamu yake ya kugusia ekrani ilipotea zamani, kwa hiyo mama anatumia kijiti cha kiberiti. Na kinafanya kazi vizuri, kwa sababu ekrani za wakati ule zilitaka kukandamizwa tu, haijalishi kwa kidole, ukucha au kijiti. Jaribuni kijiti hicho kwenye telefone zenu mpya mtaona!

Ndani kuna nini? Kuna majina zaidi ya mia moja: wakwe, wadogo zake walioelekea Likasi, mwalimu aliyekimbilia Pweto, mama mkunga, na mwenye kamioni aliyewapakia. Kuna ajenda, yaani kalenda ya kuandikia siku: siku ya chanjo ya mtoto wa mwisho, siku ya kulipa nyumba, siku ya jetoni. Telefone inalia asubuhi ya siku hiyo kumkumbusha. Kuna pia mahali pa kuandika maneno marefu, na hapo bwana wake aliandika mipaka ya shamba lao: kutoka mwembe mpaka mto, kutoka mto mpaka kwa fulani. Aliandika na nani anawadai, na wao wanamdai nani. Bwana huyo hakufika Lubumbashi. Aliyoyaandika ndiyo yaliyofika.

Hiyo ndiyo telefone ya ba-patron.

Kweli, zamani zilikuwa za ba-patron. Nilisoma habari zake tulipokuwa kwenye mafunzo ya uandishi wa habari. Ya kwanza iliyounganisha simu na ajenda na kitabu cha anwani iliuzwa Marekani mwaka 1994. IBM waliiita Simon, ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na bei yake ilikuwa dola 899 pamoja na mkataba. Mwaka 1996 Nokia wakatoa 9000 Communicator, inayofunguka kama sanduku dogo, gramu 397. Huku kwetu Zaire wakati ule simu ya mkono ilikuwa Telecel, na mwenye Telecel alikuwa waziri, jenerali au mfanyabiashara mkubwa. Wengine walitembea na ile simu mkononi hata ikiwa imezimwa, ili waonekane. Nadhani ni huko tulikojifunza kuona telefone kubwa na kufikiri feza nyingi. Sura ile ingali ndani ya macho yetu.

Lakini dunia haikungoja macho yetu. Telefone mpya za ekrani tupu zilikuja, zile za klavye zikashuka bei mpaka chini. WhatsApp yenyewe iliziacha BlackBerry za zamani na Nokia za zamani mwaka 2017. Nilimuuliza kijana mmoja anayetengeneza telefone karibu na soko angempa mama yule bei gani. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia. Alisema labda angeitoa batri, mengine ni uchafu, na kwa batri hiyo asingetoa hata bei ya meka moja ya bunga. Sasa niambieni: mtu anafutwa kwenye orodha ya bunga kwa sababu ya kitu kisichoweza kununua bunga?

Mtanijibu kwamba kuna watu wanaojifanya wakimbizi. Ni kweli, wapo, na mimi nimewaona. Katuba yenyewe ina njaa. Kuna baba wa hapa hapa ambaye hakukimbia vita yoyote na watoto wake wanakula mara moja kwa siku, na anapoona kamioni ya bunga moyo unamsukuma kwenda mstarini. Simlaumu sana. Lakini kumtambua mkimbizi kwa telefone ni uvivu. Muulize jina la kapita wa kijiji chake. Muulize njia aliyopita, mto upi, daraja lipi. Muulize walilala wapi usiku wa pili. Mdanganyifu atakwama kabla ya mto. Tena mdanganyifu mwerevu anaacha telefone yake nyumbani siku ya jetoni, nanyi mnamwandika.

Kuna jambo lingine linaloniuma kama mtoto wa Katanga. Batri za telefone hizi zina kobalti ndani, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inatoka hapa, Lualaba na Haut-Katanga. Kamioni zake zinapita Kasumbalesa, vumbi tunalipumua sisi. Mtu wa Ulaya akiwa na kipande cha kobalti yetu mfukoni hakuna anayemuuliza alikipata wapi. Mama wa Mitwaba akirudishiwa chembe moja ya udongo wa kwao, tena imechakaa, anachekwa mbele ya watu.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sikuja kuisifu telefone tu. Ina makosa, na makosa yake yanaweza kuivunja familia.

La kwanza ni batri. Nimeshasema ni nzee. Ikijazwa asubuhi, saa kumi ya mchana imekwisha. Umeme wa Katuba mnaujua, sina haja ya kuueleza. Mama anapeleka telefone kwa kijana mwenye paneli ya jua na analipa kila mara. Waya wake wa kuchajisha si kama waya za siku hizi, kwa hiyo waya ukikatika, hakuna kabini itakayomuuzia mwingine. Siku hiyo majina zaidi ya mia yatakuwa ndani ya kisanduku kisichofunguka.

La pili ni baya zaidi na wengi hawalijui. Baadhi ya telefone-ajenda za mwanzo zilishika kumbukumbu yake kwa nguvu ya batri. Treo 600 ya mwaka 2003 ilikuwa hivyo: batri ikikauka kabisa, majina, tarehe na maandiko yote vinapotea, kama chaki kwenye ubao ulionyeshewa. Watu wa Ulaya na Marekani hawakuumia sana, kwani walikuwa na ordinateri nyumbani yenye nakala ya kila kitu, wakachomeka na kurudishiwa vyote. Treo 650, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo iliyobadilisha jambo hilo, maandiko yakabaki hata batri ikifa. Nilimuuliza mama kama telefone yake iliwahi kufa njiani. Akasema ilikufa mara mbili, na walipofika Likasi wakaichajisha, majina yalikuwepo. Basi yake ni ya kabila la pili, ashukuru Mungu. Lakini si kila mwenye telefone ya klavye ana bahati hiyo, na hakuna alama ya nje inayoonyesha tofauti.

Kwa hiyo wale wanaopita katika mikutano yetu wakisema «daftari ni ya zamani, wekeni kila kitu kwenye telefone», nao nawapinga. Hawajakimbia usiku. Mimi mwenyewe nilipoteza daftari langu la kazi siku ya mvua kubwa, wino wote ukawa bluu moja, kwa hiyo sisemi kwamba karatasi ni malaika. Ninasema viwili. Telefone inalia siku ya chanjo, daftari hailii. Daftari haitaki umeme, telefone inautaka kila siku. Na telefone ikiibiwa mstarini, daftari iko chini ya godoro.

Wazee wa Katuba mnaelewa. Mnakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia zimelala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingoja gari-moshi la kwenda Kasai. Nani alikuwa na namba ya nani? Hakuna. Watu walitafutana kwa barua zilizopelekwa na wasafiri, kwa foni za paruasi, na kwa matangazo ya redio: fulani mwana wa fulani anatafutwa na mama yake. Sisi wa redio tunapokea matangazo hayo mpaka leo. Na ninaweza kuwaambia kwa uzoefu wa meza yangu: anayekuja na jina kamili, jina la kijiji na namba moja tu ya mjomba, hata ya zamani, tunapata pa kuanzia. Anayekuja na machozi tu tunamsomea tangazo, halafu tunangoja.

Kwa sababu hiyo telefone ya mama yule, pamoja na kijiti chake cha kiberiti, ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyobeba. Wenye orodha wangekuwa na akili wangeiona na kufurahi: huyu ana tarehe za watoto, ana majina, kazi yetu imekuwa nyepesi. Badala yake wakafundisha mstari mzima kuficha telefone. Siku iliyofuata nilipita tena pale, na nikawaona akina mama wawili wakikisia umri wa watoto wao kwa vidole, huku telefone ziko ndani ya vitambaa.

Jumamosi nilinunua daftari ya kurasa mia, nikakaa na mama uani kwa saa mbili. Yeye anasoma kwenye ekrani, mimi naandika. Tulifika herufi ya M kabla batri haijazima. Mipaka ya shamba tuliiandika mwanzo kabisa, ukurasa wa kwanza, alitaka hivyo. Wengine wenye telefone za namna hiyo waje redioni mchana wowote na daftari zao. Kwetu jenereta inawaka mpaka saa kumi na mbili ya magaribi, na kuchajisha ni bure.

Jumatatu nilikwenda kwa wenye orodha kuuliza. Waliniambia shauri linatazamwa. Jina la mama halijarudishwa.