Rangi Si Tatu

Husemwa mara nyingi, hata na baadhi ya watunzi wetu, kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Kisarufi dai hilo lina chembe ya ukweli, kwani mashina -eupe, -eusi na -ekundu ndiyo yanayopokea viambishi vya upatanisho; rangi nyingine huazima majina ya vitu. Lakini kuuita huo umaskini ni kuidhulumu lugha, na sayansi pia.

Mwaka 1672 Isaac Newton alichapisha maelezo ya majaribio yake ya kupitisha mwali wa jua katika prizimu, kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu. Mwanga mweupe ulichanuka ukawa rangi mbalimbali, ambazo baadaye alizihesabu saba. Zote tunazo: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, nili na urujuani. Kila moja ina urefu wake wa wimbi, nyekundu refu zaidi, urujuani fupi zaidi. Kioo huzipinda kwa viwango tofauti, nazo zikaachana.

Vitu vingi tuvionavyo havina mwanga wake. Huupokea na kuurudisha. Jani hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, likaakisi zaidi wa kijani. Kitambaa cheupe huakisi karibu mawimbi yote. Cheusi hufyonza karibu yote. Basi waliosema kijani kwa jani, manjano kwa bizari, kahawia kwa kahawa na kijivu kwa jivu waliitaja rangi pale pale inapozaliwa: mwanga unapokutana na kitu.

Hofu yangu ni nyingine. Hapa Tanzania mtoto wa shule nyingi za msingi hujifunza neno kuakisi. Akifika kidato cha kwanza, somo lile lile humjia kwa Kiingereza, na neno lake likabaki nyuma. Neno lisilotumika hufifia. Nani atalitunza, kama si mshairi?

Washairi wenzangu, tuandikeni nili na urujuani bila kuomba radhi. Tuseme mwanga umefyonzwa, umepinda, umeakisiwa, tukijua tusemalo. Shairi halitapungukiwa utamu kwa kuwa kweli, na mwanafunzi atakayelisoma atajua kwamba elimu ya nuru ina makao katika lugha yake.