Mswada Hukunjwa Ungali Mbichi

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hapa Kiptere twaitumia methali hiyo kila mara tunapowaonya wazazi juu ya malezi ya watoto wao. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuielekeze kwa jambo jingine lililo karibu sana na malezi, nalo ni sheria. Sheria nayo hukunjwa ingali mbichi, yaani ingali mswada. Ikisha kupitishwa, kutiwa saini na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, imekwisha kukauka. Hapo anayetaka kuikunja atatumia miaka mingi mahakamani, na huenda akavunjika yeye kabla ya kuivunja.

Tazameni mkulima wa majani chai. Hapeleki mzigo wake kituoni akampa karani kisogo. Husimama mbele ya mizani, akasoma kilo kwa macho yake mwenyewe, akabishana ikibidi, kisha akaitunza risiti hadi siku ya bonasi. Hakuna anayemwita mkorofi kwa kufanya hivyo, kwani jasho ni lake. Lakini mkulima huyo huyo, ambaye hakubali kupunjwa kilo moja, huamka asubuhi akaambiwa kwamba mpango wa shule ya mwanawe umebadilika, kwamba karo imepanda, kwamba wajibu fulani wa mzazi sasa ni sheria na asiyeutimiza ana hatia. Hajui jambo hilo lilijadiliwa lini, wala wapi, wala nani aliinua mkono kukubali kwa niaba yake. Mbele ya mizani iliyo kubwa kuliko ya kituo cha majani, mkulima wetu hayupo.

Wazee watatuambia kwamba hali hii si ngeni, na ni kweli. Juni 1982 Katiba ilibadilishwa, kifungu cha 2A kikaingizwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na Bunge halikutumia muda wa maana kulijadili. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 uliingia shuleni, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Hawakuulizwa kama wana uwezo. Mwaka 1988 serikali ikaidhinisha sera ya kugawana gharama za elimu, na mwaka huo huo wananchi wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea kama ng'ombe wanaopelekwa joshoni. Katika siku zile kumwuliza mbunge kuhusu mswada kulikuwa kujitafutia balaa.

Wakenya walikataa hali hiyo. Wengine walipigwa, wengine wakawekwa kizuizini, wengine wakaikimbia nchi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa, na Agosti 2010 tukapata Katiba mpya. Katiba hiyo haikuleta uchaguzi wa vyama vingi peke yake. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria yoyote. Kifungu cha 196 kinazitwika mabunge ya kaunti wajibu huo huo. Kwa hiyo mlango uko wazi. Aibu ni kwamba sisi hatuingii, na watumishi tuliowaajiri kwa kura zetu hawatuiti.

Kwa nini twalihimiza jambo hili kwa ajili ya watoto hasa? Kwa sababu mtoto hapigi kura, hana mbunge wake, wala haandamani. Asipokuwapo mtu mzima wa kumsomea mswada, atasomewa na wenye haja zao. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto Julai 1990. Sheria ya Watoto ya kuutekeleza nchini ilikuja mwaka 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuridhia alikuwa ametimiza miaka 11, amekaribia kumaliza shule ya msingi, kabla nchi yake haijatimiza ahadi iliyoitoa alipokuwa mchanga.

Na sheria hiyo ya 2001 ilikuwa na kasoro iliyoumiza nyumba nyingi. Ilimtwika mama peke yake, tangu mwanzo, wajibu wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikasema kinyume chake: baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hata hivyo maneno ya 2001 yalibaki kitabuni mpaka Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoyaondoa na kuandika wazi usawa huo. Sheria hiyo mpya pia ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Twauliza: ni mabinti wangapi wa milima hii waliojifungua katika miaka hiyo, wakaambiwa barazani kwamba mtoto ni mzigo wa mama yake, na hapakuwa na mtu wa kuinuka na kusema kwamba Katiba imekwisha kuamua vingine? Kutoijua sheria kuliwanyima maziwa watoto ambao sheria ilikuwa upande wao.

Wala haitoshi kuusoma mswada unapoletwa na kisha kurudi shambani. Kumbukeni Mswada wa Ndoa. Ulipowasilishwa, ulimpa mke aliyepo sauti kabla mumewe hajaoa mke mwingine. Waliousoma wakati huo waliridhika, wakaufumba. Machi 2014, ulipofika hatua ya kurekebishwa ukumbini, wabunge wanaume wa vyama mbalimbali walisahau uhasama wao, wakaungana, wakaifuta sauti hiyo. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Rais Uhuru Kenyatta akautia saini Aprili mwaka huo huo. Mtu anaweza kuunga mkono ndoa za wake wengi au kuzipinga. Hilo si shauri letu leo. Shauri letu ni kwamba kilichopelekwa kwa wananchi na kilichotoka Bungeni havikuwa kitu kimoja. Anayefuatilia mswada hana budi kuufuata kama mchungaji afuatavyo kundi, kutoka zizini hadi zizini.

Tena tusidanganyike kwamba sheria za shule ni zile tu zenye neno elimu katika jina lake. Sheria kubwa ya shule ni bajeti. Kwa miaka kadhaa serikali iliahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haikuweza kumudu kiasi hicho chote. Nchi nzima ilishtuka. Lakini kufikia Julai, mwaka wa fedha ulikuwa umekwisha kuanza! Makadirio ya matumizi hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani si baada ya Aprili 30, na kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati isikilize maoni ya umma kabla ya kuyapitisha. Wakati wa kuuliza kuhusu fedha za shule ni mwezi Mei, mvua ikinyesha na majani yakiwa mengi. Sisi huuliza mwalimu mkuu anapomrudisha mtoto nyumbani.

Mwaka 2024 vijana wa nchi hii walitufunza somo. Mswada wa Fedha wa mwaka huo waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha ambazo mama zao wanazielewa, wakausambaza kwa simu. Waliona kodi ya mkate, waliona ada ambayo ingegusa nepi na sodo, wakasema hapana. Juni 25 Bunge liliupitisha hata hivyo; siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kati ya siku hizo mbili kuna makaburi. Twawaheshimu waliokufa, na kwa kuwa twawaheshimu twasema wazi kwamba haifai damu imwagike ndipo mswada usomwe.

Wako watakaotujibu kwamba miswada ni kazi ya mawakili, tena imeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Hapo wamegusa donda lenyewe. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 120 kinakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Katiba yenyewe ilitafsiriwa, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zina toleo la Kiswahili. Basi ikiwa kanuni za kumwelekeza mbunge namna ya kuketi na kusimama zimepatikana kwa Kiswahili, kuna sababu gani mswada unaomgusa mtoto wa mchuma majani usipatikane? Kumwomba mtu maoni kwa lugha asiyoisoma, kupitia tangazo la gazeti lisilofika dukani kwake, na kwa siku chache tu, ni kumfanyia mzaha.

Wengine watasema: tumemchagua mbunge, tumwachie. La hasha! Vyama vingi havikuletwa ili tuwe na rangi nyingi za fulana wakati wa kampeni. Vililetwa ili pawe na upande wa kuuliza na upande wa kujibu. Tumekwisha kuona miaka ambayo pande hizo ziliketi meza moja, na wabunge wakapiga kura kama walivyoagizwa na wakubwa wa vyama. Siku kama hizo upinzani unaobaki ni mzazi aliyesoma.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kila chama cha wazazi katika shule zetu kiwe na daftari la miswada, na kichague watu wawili wa kulitunza: mwalimu mstaafu mmoja na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na mwenye simu. Daftari liandikwe jina la mswada, aliyeuleta, hatua uliyofikia, siku ya mwisho ya kupokea maoni, unamgusa nani, na mwisho kabisa, mbunge wetu alipiga kura ya namna gani. Lisomwe kwa sauti katika kila mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, kabla ya habari za karo. Maoni yaandikwe kwa karatasi moja, yatiwe saini, yapelekwe kwa Karani wa Bunge, na nakala ibaki shuleni. Bunge la Kaunti ya Kericho lisisahauliwe pia, kwani chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwake.

Kwa mbunge wetu, seneta wetu na mwakilishi wetu wa wodi, twatoa madai matatu. Mswada wowote unaohusu watoto, ndoa au shule uletwe na muhtasari wa Kiswahili. Kikao cha maoni kisiishie mjini Kericho; kifike Kiptere, na kifanyike siku na saa ambayo wachuma majani wameshuka kutoka shambani. Na baada ya kura, mheshimiwa arudi atuambie maoni yetu yalichukuliwa au yalitupwa, na kwa sababu gani. Hatuombi fadhila. Twaomba risiti, kama ile tunayopewa kituoni baada ya mizani.

Ndugu msomaji, huenda ukaona kwamba daftari la shilingi chache ni silaha hafifu mbele ya jumba la Bunge. Lakini wale waliotutawala kwa chama kimoja hawakuwaogopa watu wenye mapanga kama walivyowaogopa watu wanaoandika na kukumbuka. Muhula ujao utakapofunguliwa na wazazi waitwe mkutanoni, inuka wewe wa kwanza uulize: ni miswada gani iliyoko Bungeni kuhusu watoto wetu, na siku ya mwisho ya maoni ni lini? Akikosekana wa kujibu, hiyo ndiyo siku ya kulifungua daftari.