Fedha Hazina Miguu

Ndugu waamini, katika jumuiya zetu ndogo ndogo lalamiko moja linarudiwa: watu wamechoka. Wamechoka na siasa inayowakumbuka kwa khanga na fulana kila baada ya miaka mitano, wamechoka na magazeti, na mlango wa benki wanaupita kwa mbali. Wengine wanahitimisha kwamba afadhali Mkristo ajiweke kando. Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatukubaliani nao, lakini tunaona kwamba uchovu huo una sababu, na mojawapo ni lugha.

Tuikumbuke akaunti ya madeni ya nje, maarufu kama EPA, katika Benki Kuu ya Tanzania. Asili yake ni miaka ya uhaba wa fedha za kigeni: mwagizaji wa bidhaa aliweka shilingi zake benki, naye muuzaji wa ng'ambo akasubiri dola ambazo hazikuwepo. Katika mwaka wa fedha 2005/2006 kampuni 22 zililipwa humo shilingi bilioni 133, nyingi kwa nyaraka za kughushi zilizodai kuwa madeni hayo ya kale yamehamishiwa kwao. Januari 2008, baada ya ukaguzi, Rais alitengua uteuzi wa Gavana. Agosti aliliambia Bunge kwamba waliochukua wana hadi tarehe 31 Oktoba kurudisha, na watakaoshindwa watashtakiwa. Kesi zilianza Novemba, na baadaye wachache walifungwa.

Tulisomewaje habari hiyo? Fedha "zilichotwa", kana kwamba ni maji ya kisima. Serikali "haitalifumbia macho", "sheria itachukua mkondo wake", wahusika "watashughulikiwa". Kiswahili kina kauli ya kutendwa, nayo ni njema mahali pake. Ila ikizoeleka katika habari za wizi humficha mtenda. Fedha hazina miguu. Yupo aliyeidhinisha, yupo aliyelipa, yupo aliyepokea.

Sasa mtazameni mama muuza dagaa aliyeingia katika mkopo wa kausha damu. Akichelewesha rejesho la wiki moja, hakuna anayesema uchunguzi unaendelea, wala hapewi tarehe na Bunge. Godoro na jiko vinabebwa mchana kweupe, na mtaa mzima unalijua jina lake. Kwa nini alikwenda huko? Kwa sababu benki kubwa ilimtaka hati ya nyumba, naye ni mpangaji. Benki ikinunua hati fungani za serikali hupata riba yake bila kutoka jasho. Isumbuke na kikapu cha dagaa kwa lipi? Tunajua kwamba amana za watu hazichezewi, na mwenye benki ana haki ya kutaka dhamana. Lakini mabenki yalipotaifishwa mwaka 1967, mama huyu aliambiwa ni kwa manufaa yake. Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997, na hisa zake nyingi kuuzwa mwaka 2000, aliambiwa vilevile.

Someni Nehemia sura ya tano. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Nehemia aliwakabili wakuu ana kwa ana, akaitisha mkutano mkubwa, akadai warudishe mashamba pamoja na riba, kisha akawaapisha mbele ya makuhani. Kila mmoja alijua ni nani anayeapa.

Mgombea akija kwenye jumuiya na kusema fedha za zahanati "zimepotea", aulizwe nani alizishika mara ya mwisho. Na kabla ya kumuuliza mgombea, tunaomba halmashauri za walei ziitazame taarifa ya fedha ya parokia yenyewe. Palipoandikwa "zimetumika", paandikwe aliyeidhinisha, aliyelipwa na kiasi, na taarifa isomwe kwa sauti Dominika, waamini wote wakiwapo.