Rangi Tatu Zisichanganywe

Katika Bugarama, kata ya Halmashauri ya Msalala iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, vumbi la silika si habari ya vitabuni. Anayelivuta kwa miaka huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Ndiyo maana kioo cha makohozi kilichotiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen kingali na uzito: bakteria huonekana wekundu juu ya mandhari ya buluu. Simu ikiwekwa kwenye lenzi ya darubini, picha yaweza kumfikia mtaalamu aliye mbali kwa dakika chache.

Hapo ndipo histogramu inapostahili heshima inayonyimwa. Mazoea ya kuigeuza picha kuwa ya kijivu kwanza, kisha kuchora grafu moja, hayafai kwa kazi hii. Wekundu wa bakteria na ubuluu wa mandhari huweza kuangukia kiwango kile kile cha kijivu, na tofauti iliyotafutwa ikafutika. Kila pikseli hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Basi zichorwe grafu tatu. Programu ya Octave, isiyolipiwa, yatosha. Ina mtego mmoja tu: namba za picha kwa kawaida hutunzwa humo kwa biti 8, hivyo 200 ikijumlishwa na 100 hutoa 255, si 300. Zigeuzwe kwanza kuwa namba za desimali.

Grafu iliyorundikana kwenye 255 husema kuwa taa ilikuwa kali mno, na kilichopotea hakirudishwi na programu yoyote. Picha ya sehemu tupu ya kioo inapaswa kutoa vilele vitatu vinavyokaribiana. Cha buluu kikibaki nyuma, simu imeongeza umanjano (nazo simu hupenda kusahihisha rangi pasipo kuombwa).

Hata hivyo, histogramu haigundui ugonjwa. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12; bakteria wakichukua 6,000, hiyo ni moja katika kila 2,000, nayo haionekani kwenye grafu ya kawaida. Mhimili wa wima ukipimwa kwa logi huanza kujitokeza, lakini hausemi kama ni bakteria au rangi iliyosalia kwa kuoshwa vibaya. Hilo huamuliwa na jicho la mtaalamu wa maabara, au na mashine ya GeneXpert pale ilipo. Histogramu humwambia aliyepiga picha, kabla kioo hakijaondolewa chini ya lenzi, kwamba apige tena.