Kiendeshi Kilichofungwa na Lugha Isiyo na Sarufi

Wahenga walilonga kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii niliifahamu tangu shule ya msingi, lakini aliyenifunza maana yake ni skana niliyoinunua mkono wa pili mjini Nakuru. Kwa ajili ya tasnifu yangu, nilikuwa nimekusanya madaftari kumi na moja ya mashairi yaliyoandikwa kwa mkono na walimu wastaafu wa Molo, Elburgon na Njoro. Karatasi zilikuwa zimeanza kumeguka pembeni, nami nikawa nazihifadhi ukurasa baada ya ukurasa. Nilipofika daftari la nne, kipakatalishi changu kiliharibika. Kipya kilikuja na mfumo endeshi mpya, na skana ikanyamaza. Taa yake iliwaka, kioo chake kilikuwa safi. Kilichokosekana ni kiendeshi: kampuni iliyoiunda skana hiyo ilikuwa imeamua kutoandaa kingine kwa mfumo ule. Nikashauriwa ninunue skana nyingine.

Kiendeshi ni nini? Kila mfumo endeshi una kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na kuamua ni programu ipi ifanye kazi wakati gani. Kiini hakijui lugha ya kila kifaa. Kiendeshi ndicho mkalimani wake. Mkalimani akiondoka na kamusi yake, kifaa kizima hugeuka bubu.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kiini kilichokuja kuitwa Linux. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL iliyoasisiwa na Richard Stallman, inayomruhusu yeyote kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye asiwafungie wengine. Hata hivyo, kampuni nyingi za vifaa zilificha maelezo ya namna ya kuzungumza na vifaa vyao, au zikatoa viendeshi visivyosomeka. Kiini cha Linux kikipakiwa kiendeshi cha namna hiyo, hujiwekea alama kwamba kimetiwa doa. Si kiburi. Kiendeshi hufanya kazi ndani ya kiini kwa mamlaka kamili, na kosa lake laweza kuuangusha mfumo mzima. Nani atatibu ugonjwa asioruhusiwa kuutazama?

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu sisi wanaisimu na wanafasihi. Kadi za mtandao pasiwaya za Broadcom hazikuwa na kiendeshi huria. Wanaprogramu wa kujitolea wakajigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza kiendeshi kilichofungwa na kuandika maelezo. La pili likasoma maelezo hayo tu na kuandika kiendeshi kipya, ambacho kiliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006. Je, hiyo si kazi ya nyanjani tunayoijua? Mtafiti huketi na wazungumzaji wa lugha isiyo na sarufi iliyoandikwa, akasikiliza, akabaini mofimu, akaandika kanuni. Tofauti ni moja: mzungumzaji wa lugha hamfichi mtafiti sarufi kwa makusudi.

Yamkini msomaji atasema kwamba kampuni zimewekeza fedha nyingi na zina haki ya kulinda siri zao. Hoja hiyo ina uzito. Aidha, mwanafunzi anayepaswa kuwasilisha tasnifu kesho hali uhuru. Anataka printa ichape. Lakini tusichanganye mambo. Hakuna anayedai michoro ya kiwanda. Kinachodaiwa ni sarufi ya mazungumzo baina ya kifaa na tarakilishi, na anayeihitaji amekwisha kukilipia kifaa. Isitoshe, Broadcom yenyewe ilitoa kiendeshi huria mwaka 2010. Nvidia, ambayo Torvalds aliikemea hadharani nchini Finland mwaka 2012, ilifungua msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayoingia kwenye kiini mwezi Mei 2022. Hakuna iliyofilisika kwa hilo.

Kiswahili nacho kimewahi kufaidi uhuru huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kubisha hodi kwa mwenye mali, kwa sababu matini ilikuwa wazi. Lakini menyu za Kiswahili sanifu hukaa juu. Chini yake kuna viendeshi. Tutajivunia nini ikiwa skrini inatusalimu kwa lugha yetu na kifaa kimefungwa mdomo?

Napendekeza mambo matatu. Mosi, idara na vyama vyetu viulize, kabla ya kununua kifaa chochote, iwapo kina kiendeshi huria. Pili, kumbukumbu zetu za fasihi simulizi na miswada zihifadhiwe katika miundo ya faili iliyo wazi. Tatu, tukubaliane kuhusu istilahi: wapo wanaosema kiendeshi, wapo wanaosema kiendeshaji, na wengi husema draiva tu. Kazi hiyo ni yetu, si ya wanasayansi wa tarakilishi.

Nayo skana yangu? Rafiki yangu wa masomo ya tarakilishi aliniwekea Linux. Viendeshi vya skana huko hukaa nje ya kiini, katika mradi huria uitwao SANE, na mtu nisiyemjua alikuwa amekwisha kuandika cha skana yangu. Sasa nimo katika daftari la tisa. Mwalimu mmoja aliyeniazima daftari lake alifariki kabla sijalifikia. Mashairi yake yamesalimika kwa hisani ya mgeni aliyeacha kazi yake wazi.