Mwacheni Mtoto Aruke

Waulize walimu wa Kiswahili, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, ufupisho mzuri wa kitabu ni upi. Wengi watakujibu papo hapo: ni ule usioacha jambo. Wazazi nao wanaamini hivyo hivyo. Likizo ikikaribia mwanafunzi anapewa karatasi yenye mistari: jina la kitabu, mwandishi, mhusika mkuu, wahusika wengine, dhamira, ujumbe, funzo ulilopata. Ajaze, mzazi atie sahihi, airudishe shule ikifunguliwa. Karatasi ikijaa, basi kitabu kimesomwa.

Mimi nasema karatasi hiyo inawafukuza watoto vitabuni, na kosa lake kubwa ni hilo la kukataza kuacha.

Imani hii haikushuka mbinguni, ilitoka chumba cha mtihani. Mtahiniwa anapewa kifungu cha aya chache akifupishe kwa idadi fulani ya maneno, na kanuni alishafundishwa darasani: theluthi ya habari ya awali, usiongeze lako, usivuruge mtiririko, usiache hoja. Kwa kifungu cha nusu ukurasa kanuni hizo zina maana. Sasa chukua riwaya ya kurasa 120 ambayo mtoto ameiazima mwenyewe kwa sababu jalada lilimvutia. Theluthi yake ni kurasa 40. Hakuna anayetaka kusoma kurasa 40 za ufupisho, mwalimu akiwa wa kwanza, kwa hiyo kanuni inakatwa katikati: andika kurasa mbili, lakini usiache kitu. Mtoto afanyeje? Anapanga matukio kwenye foleni: kisha akaenda, halafu akarudi, baadaye akaoa. Foleni ikimshinda anakimbilia steshenari kununua madesa.

Madesa tunayajua. Uchambuzi wa vitabu teule, kopi iliyotolewa kwenye kopi, maneno ya pembeni yamefifia, unaanza na maudhui au fani na kuishia kwenye kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Humo jina la kila kitabu linasadifu yaliyomo. (Bado sijaona desa lililothubutu kusema jina halisadifu.) Kwa kitabu teule unaweza kusema mtihani ndio unaodai hivyo. Kwa kitabu alichojichagulia mtoto, nani anadai?

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, huko pwani ya Tanga. Karama ameshitakiwa, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Mwanafunzi aliyekatazwa kuacha ataandika majina sita, safari sita na mashaka sita. Kurasa zake mbili zitajaa, na msomaji hatajua kwamba yote hayo yanasemwa na mtu anayepigania maisha yake mbele ya mfalme. Mwingine anaandika: mtu anashitakiwa kwa sababu ya elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za watu waliotumwa na nchi yao, wakarudi, wakafungwa. Kaacha majina yote na safari zote. Kwenye fomu ya likizo huyu atapata sifuri penye wahusika, ilhali kati ya wawili hao yeye ndiye ninayeamini kakisoma. Tena mtazame Karama mwenyewe. Ana safari sita ndefu za kueleza, na wasikilizaji wenye hamu ya kumhukumu. Anachukua yale yanayomfaa kwenye utetezi na mengine anayapita, kwa kuwa anajua anasema na nani na anataka nini kwao.

Fomu inadhani pia kwamba kila kitabu ni hadithi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alikwenda hadi Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu kinakwenda na maisha ya mtu tangu kuzaliwa, malezi, jando, harusi, hadi maziko. Mhusika mkuu ni nani humo? Mgogoro uko wapi? Mtoto wa Bagamoyo akibahatika kukipata kitabu cha mji wake, nusu ya nafasi za fomu zitabaki tupu na ataonekana hakusoma. Ndivyo itakavyomkuta pia aliyeazima kitabu cha ufugaji wa samaki.

Kuna wanaosema watoto wa pwani hawawezi kazi hii ya kuchagua la kusema na la kuacha, wamezoea kukariri tangu chuo cha Kurani. Upuuzi. Simama jioni nje ya kibanda umiza chochote pale Magomeni. Aliyekosa kiingilio anasimuliwa filamu nzima njiani, na msimuliaji hamtajii dhamira. Anaruka mwanzo unaochosha, anaingilia pale dada wa steringi alipotekwa, anarudi nyuma kidogo kueleza huyo dada ni nani, kisha anakatisha kabla ya mwisho makusudi ili mwenzake aumie. Enzi za kanda za video, Lufufu aliingiza sauti yake juu ya filamu za kigeni, akieleza hili na kulipita lile, na watu wakamfuata. Kabla yake walikuwapo watunzi wa tenzi, akina Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, waliovichukua visa vya vita vya zamani wakavisimulia upya kwa Kiswahili. Uwezo upo mtaani. Shuleni mtoto anaambiwa auache mlangoni.

Watetezi wa fomu wana hoja moja nzito: bila ukamilifu utajuaje kama mtoto amesoma au ametega? Lakini ukamilifu ndio kitu rahisi kuliko vyote kunakili. Simu yenye bando inatoa ufupisho kamili, sura kwa sura, wahusika wote wamo, kabla chai haijapoa. Isichoweza kukwambia ni mtoto huyu alichokea wapi na aliporudia kusoma ni wapi.

Kwa hiyo tumsaidie kuacha. Afunge kitabu kwanza. Amsimulie mwenzake ambaye hajakisoma, na mwenzake awe huru kuuliza. Akiulizwa "ikawaje?" hapo pana uhai, pabaki, mwenzake akianza kutazama bodaboda zinazopita, hapo ni pa kuruka. Ndipo ashike kalamu, na nusu ukurasa unatosha: nani anataka nini, nini kinamzuia, au kama ni kitabu cha maarifa, swali gani linajibiwa. Achague tukio moja alieleze bila haraka. Maoni yake yawemo, hata yale ya kwamba sura ya tatu inachosha. Kisha karatasi isiende kwenye faili la ofisini. Ibandikwe ndani ya jalada, ili anayefuata aisome kabla ya kuazima.

Najua darasa ni kubwa na mwalimu ni mmoja, ndiyo maana sisemi asahihishe. Asome chache na kuuliza. Hapo nakatizwa: atauliza nini kuhusu kitabu ambacho hata yeye hajakisoma? Kwa maoni yangu, kutokisoma kwake ni faida. Kwenye vitabu teule mwalimu anauliza jambo ambalo jibu lake analo mkononi, na watoto wanalijua hilo. Yule wa kitabu cha samaki akiandika kwamba maji ya bwawa hubadilishwa, na mwalimu ambaye hajawahi kufuga hata perege mmoja akamuuliza, "Sasa wewe, maji yakitolewa hao samaki wanakaa wapi?", hakuna dhamira wala ujumbe wa kumjibu nao. Itabidi akifungue tena kitabu.