Vitabu vya picha vya watoto vivuke mipaka kama bidhaa nyingine

KATIKA karakana za Katwe, tarafa ya Makindye jijini Kampala, chuma chakavu hakitupwi. Pipa kuukuu hugeuka jiko la mkaa, na bomba lililooza hukatwa sehemu iliyo nzima ikatumika tena. Fundi akichomelea vibaya, hukata na kuanza upya. Watoto wanaokulia kando ya karakana hizo huiona elimu hiyo kila siku. Ni nadra kuikuta ndani ya kitabu.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, kitabu ni kile kilichoagizwa na shule, na kazi yake ni mtihani. Kitabu cha picha, ambacho mtoto wa miaka sita hukisoma akiwa mapajani kwa mama au nyuma ya meza ya duka, bado huhesabiwa kuwa anasa. Hesabu hiyo ina kasoro, na wafanyabiashara wa mipakani wana uwezo wa kuirekebisha kuliko wanavyodhani.

Katwe yenyewe ni ushahidi. Phiona Mutesi, binti aliyewahi kuchuuza mahindi mitaani, alimfuata kaka yake hadi kwa mwalimu Robert Katende, ambako watoto walipewa uji na kufundishwa mchezo wa chesi. Alishindwa mara nyingi kabla ya kushinda. Mwaka 2012 alirejea kutoka mashindano ya Istanbul akiwa na cheo cha kimataifa. Habari zake zilizunguka dunia kwa kitabu cha Tim Crothers cha mwaka huohuo na filamu ya Disney ya mwaka 2016, vyote kwa Kiingereza.

Kasese nako kuna mfano. Beatrice Biira wa kijiji cha Kisinga alipata shule kwa sababu familia yake ilipewa mbuzi, na maziwa yakauzwa mpaka ada ikatimia. Mwandishi Page McBrier alikifanya kisa hicho kitabu cha picha, kilichochapishwa Marekani mwaka 2001. Mtoto wa New York alimjua binti huyo kabla ya watoto wengi wa Mpondwe, mpaka uliomo katika wilaya hiyohiyo ya Kasese.

Kwamba picha hufundisha, mfano wake uko Malawi. William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi alikuta kitabu cha nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Michoro ndiyo iliyomwongoza. Kwa vipuri vya baiskeli na vyuma vya kuokota akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao.

Hapa kwetu, werevu haukuanza na vitabu hivyo. Waganda wana Wakayima, Waswahili wana Sungura, na Kobe aliyewapanga ndugu zake njiani akashinda mbio anajulikana pwani na bara. Ila hadithi hizo husifu zaidi ujanja wa mara moja. Mtoto wa leo anahitaji pia kumwona mhusika anayejaribu, anayeharibu, anayekaa chini kufikiri, kisha anayejaribu kwa njia nyingine. Kitabu kizuri hakimhubirii. Humwachia ukurasa mmoja akisie mwenyewe kitakachofuata.

Mfanyabiashara atauliza soko liko wapi. Swali hilo ni la haki, kwani mzazi anayehangaikia ada hanunui hadithi kwa urahisi. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Makindye hatakipenda Kiswahili kwa kukariri ngeli peke yake. Nairobi na Dar es Salaam zina wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili vya watoto. Kampala ina mitambo ya uchapaji ya Nasser Road. Mradi wa African Storybook una hadithi za picha kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za eneo hili, nyingi zikiwa na leseni inayoruhusu kutafsiri na kuchapisha upya bila malipo.

Msimu nao unasaidia. Shule za Kenya na Tanzania hufunguliwa Januari, za Uganda Februari. Anayevusha madaftari kupitia Busia, Malaba au Mutukula anaweza kuongeza katoni moja ya vitabu vya picha, na kisichouzwa upande mmoja bado kina mwezi wa kuuzwa upande wa pili. Aanze na kidogo, ajifunze wateja wanapenda nini, aagize tena.

Serikali nazo zina deni. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 ilivitia vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, mzigo ambao mwishowe humfikia mzazi. Nchi wanachama zikubaliane kwamba kitabu cha mtoto kisitozwe kodi ndani ya Jumuiya. Maofisa wa forodha nao wawasaidie wachuuzi wadogo kutumia utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 kwa vitabu vilivyochapishwa humu, kama wanavyofanya kwa bidhaa nyingine za wenyeji.

Mahindi, samaki na nguo huvuka mipaka kila asubuhi. Kisa cha binti wa Katwe kinastahili nafasi kwenye lori hilohilo, kwa lugha ambayo mtoto wa Busia, wa Goma na wa Makindye wote wataisoma.